Gundi ya ngozi ya chupa kwenye udi: wapi itashika na wapi itakutoroka

Swali: Assalaam alaykum. Nina udi, kile chombo cha muziki cha nyuzi, aliouacha marehemu babu, umekaa sandukuni miaka mingi hapa Wete, Pemba. Uso umeachana na mgongo upande mmoja, urefu wa kama shubiri moja. Tena daraja, kile kibao cha usoni zinapofungwa nyuzi, limeinuka kwa nyuma hata karatasi inapita. Ndugu yangu ameniletea kutoka Uingereza chupa ya gundi ya ngozi, ile iliyokwisha kuwa ya maji, haitaki kupikwa. Imekaa kabatini miezi minane. Seremala wa jirani anasema niachane nayo, nitumie gundi nyeupe ya milango. Nishike la nani?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. La gundi nyeupe liache kabisa. Na hiyo chupa nayo usiifungue ukaipaka kila palipoachia. Udi wako una maradhi mawili na kila moja lina dawa yake. Uso ulioachana na mgongo unaweza kuufunga kwa gundi ya chupa, ikifaulu majaribio nitakayokueleza. Daraja halifai kwa gundi hiyo. Litake gundi ya ngozi ya moto, iliyopikwa siku ile ile, na sababu yake ni hewa yetu.

Gundi zote mbili asili yake ni moja: protini inayotolewa kwenye ngozi ya mnyama, mara nyingi ng'ombe. Ya moto ni chembe kavu zinazolowekwa majini na kupashwa. Ikipoa inaganda kama faluda, kisha maji yanatoka taratibu na inakuwa ngumu kama kioo. Ya chupa imetiwa kitu cha kuizuia isigande, na mara nyingi kitu hicho ni yurea, ile ile iliyomo kwenye mbolea ya mpunga. Yurea inaingia kati ya nyuzi za protini na kuzizuia zisishikane, ndiyo maana gundi inabaki ya maji ndani ya chupa. Tatizo ni kwamba gundi inapokauka yurea haiondoki. Inabaki ndani ya kiungo, na tabia yake ni kuvuta unyevu wa hewani. Katika chumba kikavu cha Ulaya hilo halionekani. Pemba wakati wa masika, nguo zinapokaa siku mbili kwenye kamba bila kukauka, gundi ile inalainika kidogo. Haiachii kwa mkupuo. Inateleza polepole, nusu milimita wiki hii, nusu milimita wiki ijayo, mpaka siku moja unakuta daraja limelala kifuani mwa udi na nyuzi zimelegea.

Tujiulize pia kwa nini mafundi wa nchi za baridi wanaipenda. Gundi ya moto ukiipaka juu ya ubao wa baridi inaanza kuganda chini ya dakika moja, na fundi hajamaliza kufunga klampu zake. Gundi ya chupa inampa dakika kumi au zaidi. Kwetu ubao wenyewe una nyuzijoto 28 mpaka 32, na ukiupasha kidogo kwa draya ya nywele gundi ya moto inakupa dakika mbili tatu za kufanya kazi bila papara. Kwa kiungo kidogo kama daraja muda huo unatosha na kubaki. Basi faida kubwa ya chupa imepungua nusu kabla hujaifungua, na kasoro yake kubwa, unyevu, imezidi maradufu. Hii haina maana kwamba gundi ile ni mbaya. Inataka kuwekwa mahali pake.

Mahali pake ni pale mzigo ulipo mdogo, urefu ulipo mkubwa, na siku moja utataka kufungua tena. Ukingo wa uso na mgongo ni hivyo khasa. Mbavu za mgongo zilizoachana nazo ni hivyo. Fito za ndani zilizo chini ya uso, ambazo unazifikia kwa kuingiza vidole tunduni huku huoni unachokifanya, hapo dakika kumi za gundi ya chupa ni neema.

Daraja ni habari nyingine. Udi wa nyuzi 11, kila uzi ukivuta kama kilo tatu na nusu, unavuta jumla ya karibu kilo 38, mchana na usiku, hata ukiwa umetundikwa ukutani. Daraja lenye urefu wa sentimita 12 na upana wa 2.5 lina eneo la sentimita za mraba 30. Kila sentimita ya mraba basi imebeba kilo moja na robo, bila kupumzika, na juu ya hapo nyuzi zinataka kulipindua liinuke kwa nyuma. Ndivyo lilivyoanza lako.

Hesabu hiyo inakupa kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe. Chukua vijiti viwili vya mbao safi, vipandanishe sentimita mbili kwa mbili, upate eneo la nne. Gundisha kwa gundi yako, banisha, uache siku tatu. Piga mstari wa penseli unaovuka kiungo, tundika kijiti kimoja msumarini na kwenye kingine ning'iniza dumu lenye lita tano za maji. Mzigo kwa kila sentimita sasa ni sawa na wa daraja. Acha wiki nzima, ikiwezekana siku za mvua. Mstari ukivunjika, yaani nusu moja ikateremka hata unywele mmoja, gundi hiyo isikaribie daraja. Mtu akikubishia kuhusu gundi yoyote, mwombe atundike dumu.

Kabla ya dumu liko jaribio dogo la kujua kama chupa yako bado hai. Tarehe iliyoandikwa chupani imehesabiwa kwa kukaa mahali pa ubaridi. Protini ikiwa ndani ya maji hukatika yenyewe kidogo kidogo, na joto linaharakisha. Miezi minane katika kabati la Wete si sawa na miezi minane katika ghala la London. Dondosha tone la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba juu ya kipande cha kioo, litandaze liwe jembamba, uliache siku moja na usiku wake. Lakini usiliache barazani wakati wa mvua, kwani hata gundi nzima haitakauka hapo na utaitupa bure. Liweke ndani ya chumba chenye kiyoyozi, au ndani ya boksi lenye balbu ya wati 40 ya zamani inayotoa joto. Kesho yake libane kwa ukucha. Gundi nzima imekuwa ngumu, ukucha hauachi alama, na ukiibandua inavunjika kwa mlio kama pipi ya sukari. Iliyokufa inavutika kama mpira au inanata kidoleni. Hiyo tupa, hata ikiwa chupa imejaa. Gundi iliyoanza kutoa harufu ya kuoza au iliyokuwa nyepesi kama maji nayo tupa bila kuijaribu. Ikifaulu, chupa ikae kwenye friji kuanzia leo.

Nije kwa seremala wako. Kwa mlango na kabati maneno yake ni sahihi, na gundi nyeupe ni gundi nzuri. Kwenye udi ina makosa mawili. La kwanza, inaingia ndani ya matundu ya mbao na kuacha utando ambao gundi ya ngozi haiushiki, na hata gundi nyeupe mpya haiushiki vizuri. Fundi atakayekuja baadaye itambidi akwangue mpaka kwenye mbao mpya, na uso wa udi una unene wa milimita moja na nusu mpaka mbili tu. Haukwanguliwi mara nyingi. La pili, ikipata joto na mzigo wa kudumu nayo inateleza. Gundi ya ngozi kavu inalainishwa na maji ya vuguvugu na kushikana upya na gundi ya ngozi ya zamani, ndiyo maana udi wa miaka mingi bado unatengenezeka. Supaglu na araldaiti ndio balaa zaidi, kwani mara nyingine chombo hakifunguki tena bila kuvunjika.

Kwa hiyo kabla ya lolote, jua kilichomo humo. Gundi nyeupe ilienea kwa mafundi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na udi wa zamani zaidi ya hapo karibu hakika ulijengwa kwa gundi ya ngozi. Lakini huenda umewahi kutengenezwa. Weka tone la maji ya moto kiasi juu ya mabaki ya gundi, subiri dakika tano. Yakilainika na kunata, rangi ya asali, ni ya ngozi. Yakigeuka meupe kama maziwa ni gundi nyeupe, na hapo yote yatoke, kwa maji ya moto, mswaki wa zamani na subira. Yasipobadilika kabisa ni araldaiti au supaglu, na hapo nakushauri uusafirishe udi kwa fundi wa vyombo Unguja. Mjini, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi wanaweza kukuelekeza kwa anayeshika kazi hiyo.

Tuseme ni ya ngozi. Toa nyuzi zote. Anza na kuling'oa daraja, kwani limekwisha kuanza kuinuka na halitatulia kwa kusukumiziwa gundi chini yake: ndani mna vumbi na gundi iliyokufa. Kisu chembamba cha siagi kisicho na makali kipashe kwenye maji ya moto, kifute, kiingize upande ulioinuka, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Toa, pasha, rudia. Ikikwama dondosha maji ya moto tone moja pembeni na usubiri. Robo saa ya kusubiri ni nafuu kuliko uso uliochanika.

Weka daraja kando, ufunge uso kwanza. Ondoa vumbi katika upenyo kwa brashi laini. Hapa usikwangue gundi ya zamani mpaka iishe. Ilainishe kwa kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu na kukamuliwa, futa inayotoka, iliyobaki iache, maana mpya itaungana nayo. Acha pakauke siku nzima.

Mgongo wa udi ni wa duara na klampu za kawaida hazina pa kushika. Kata tyubu ya baiskeli iwe mikanda ya upana wa sentimita tatu, na uilaze udi ndani ya beseni la mchanga mkavu uliofunikwa kanga, itulie. Zungusha mikanda kwanza bila gundi yoyote. Tazama kama upenyo unafunga kwa nguvu ndogo ya mkono. Usipofunga, mbao zimepinda au zimevimba, na gundi haitakusaidia. Uache udi siku tatu nne kwenye chumba chenye kiyoyozi ujaribu tena. Vyombo vilivyojengwa Misri, Shamu au Uturuki vimejengwa katika hewa kavu, na vikifika kwetu mbao hujaa unyevu na kusukumana. Mara nyingi upenyo umetokana na hilo na gundi haina kosa.

Upenyo ukifunga vizuri, fungua mikanda, chukua chupa uipashe kwenye bakuli la maji ya nyuzijoto 45 mpaka 50 kwa dakika kumi. Isizidi 60. Kwa kiungo hiki changanya gundi na maji kidogo ya vuguvugu, sehemu kumi za gundi kwa moja ya maji, kwani uso unatakiwa uweze kufunguka tena bila mbao kuchanika. Ivute kwa bomba la sindano lenye sindano nene, ipitishe ndani ya upenyo kutoka mwisho mpaka mwisho, kisha uminye na kuachia mara mbili tatu kwa kidole ili isambae. Funga mikanda, ukiweka karatasi ya kuokea chini yake isinate. Kishanga chembamba cha gundi kikitokeza njia nzima, umepaka sawa. Pasipotokeza kitu, fungua upake tena, muda unao. Futa inayotoka kwa kitambaa cha vuguvugu kilichokamuliwa sana. Mikanda ikae saa 24, na katika masika saa 48.

Sasa daraja. Nunua chembe za gundi ya ngozi za nguvu ya gramu 192 (hiki ni kipimo cha ugumu wa gundi ikiganda, si uzito wa kununua), ndicho kipimo cha kawaida cha vyombo. Usipozipata, jelatini ya jikoni isiyo na sukari wala ladha ni protini ile ile iliyosafishwa zaidi, na inashika kweli kweli, ila inaganda haraka zaidi. Kwa msomaji anayejali asili ya mnyama, na wengi wetu tunajali, jelatini ya ng'ombe yenye alama ya halali inauzwa madukani, nayo inaondoa shaka.

Pima kwa mzani: gramu 15 za gundi kwa gramu 30 za maji. Loweka saa moja kwa chembe ndogo, usiku mzima kwa kubwa, dakika kumi na tano kwa jelatini. Weka kikopo ndani ya sufuria ya maji, si juu ya moto moja kwa moja, ufikishe nyuzijoto 60. Nunua kipimajoto cha jikoni, usikisie. Ikipita 70 protini inakatika, na ikichemka imekwisha, hata kama kwa macho inaonekana nzuri. Uzito wake uwe wa kutiririka kutoka kwenye brashi kama uzi usiokatika. Ikidondoka matone ni nyepesi, ikining'inia mafundo ni nzito, ongeza maji ya moto kijiko kimoja.

Huku gundi ikilowa, shughulikia mbao. Chini ya daraja na mahali pake usoni pasafishwe mpaka mbao tupu, kwa maji ya vuguvugu na kisha wembe ulioshikwa wima, kwa mkono mwepesi sana. Pakauke siku nzima. Paka chaki usoni, weka daraja, lisugue kidogo, uligeuze. Penye chaki panagusana, pasipo na chaki pana uwazi. Rekebisha daraja, usirekebishe uso. Kazi hii ichukue saa mbili ikibidi, kwani gundi ya ngozi haijazi mashimo na kiungo kisichogusana hakishiki kwa gundi yoyote. Ukiwa tayari bandika usoni utepe wa karatasi unaonata, ule wa wapaka rangi, kando ya mipaka ya daraja, ili lisihame likiteleza.

Funga feni. Pasha pande zote mbili kwa draya mpaka ziwe na uvuguvugu mkononi, si moto. Paka haraka kote kuwili, bandika, lisogeze mbele na nyuma milimita moja mpaka uhisi linakamata, kisha weka juu mfuko wa mchanga wa kilo nne. Uso mwembamba hautaki zaidi ya hapo. Futa kingo. Usiliguse kwa saa 24, na nyuzi zisirudi mpaka siku ya nne.

Ukitaka gundi ya chupa huko mbele, usingoje ya Ulaya. Loweka gramu 100 za chembe kwa gramu 150 za maji usiku mzima, pasha nyuzijoto 60 mpaka ziyeyuke, tia yurea gramu 10, koroga, iache katika joto hilo saa moja, chuja kwa kitambaa. Mbolea ya yurea nyeupe tupu inafaa, ile iliyochanganywa na chembe za rangi haifai. Mapishi ya nchi baridi yanataka yurea mara mbili ya hiyo au zaidi, kwa kuwa vyumba vyao vinaigandisha. Kwetu 10 inatosha, na kila gramu unayoipunguza ni unyevu usioingia kwenye kiungo. Ikikaa kwenye friji itaganda, ipashe tu. Andika tarehe ubavuni na uirudie tone la kioo kila unapoishika.

Kwa wenye vyombo vingine: uso wa fidla unafungwa kwa namna ile ile ya ukingo wa udi, gundi ikiwa imeongezwa maji kidogo. Ngozi ya kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani) na ya gambusi (kama udi mdogo wenye uso wa ngozi) isifungwe kwa gundi ya chupa hata kidogo, kwani ngozi inavuta saa zote na yenyewe inanywa unyevu. Tumia ya moto.

Siku ya kufunga nyuzi, vuta nusu ya sauti yake tu na uache siku mbili, kisha panda kidogo kidogo mpaka siku ya tano. Ukiweza, fanya kazi yote hii katika miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, hewa ikiwa na ubaridi kidogo. Na siku ile ile ya mwisho chora kwa penseli nyembamba alama mbili ndogo usoni, kwenye pembe za nyuma za daraja. Masika ya kwanza ikipita, tazama hizo alama kabla hujatazama kitu kingine chochote. Daraja likiwa limesogea, legeza nyuzi siku hiyo hiyo.